Nani Anayelipia Simu ya Albina?

Wenzangu mnaosoma haya, mkiwa hapa Sumbawanga, Kizwite au Milanzi, au huko vijijini kwenye mashamba ya ulezi, naomba mniazime masikio. Habari hii sikuhadithiwa. Ilitokea katika nyumba niliyopanga chumba, na sehemu yake moja, kama mtakavyoona, niliiharibu mimi kwa kinywa changu.

Ilikuwa nyumba tulivu. Asubuhi ungesikia cherehani ya Albina ikianza kulia kabla umande haujakauka, na ungesikia harufu ya uji wa ulezi ikitoka jikoni. Mumewe, Adolfu, alikuwa fundi wa vyuma. Karakana yake ilikuwa karibu na soko. Alitengeneza milango, vitanda na majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na alikuwa mtu wa kazi kwelikweli. Hakunywa pombe. Jumapili walikwenda misa wote watatu, yeye, mkewe na mtoto wao Kalista, na watu waliokaa nyuma yao kanisani walisema, "Tazama familia ile." Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la awali, nimetoka chuoni mwaka uliopita, na niliona haya hata kuomba chumvi. Albina alinipokea kama mdogo wake. Alinishonea sketi mbili na akakataa katakata nimlipe.

Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuzoeleka mjini kwetu. Zamani shirika lilikuwa moja tu, na mwenye haja ya kuzungumza na mtu wa mbali alipanga foleni posta. Kisha soko likafunguliwa, kampuni zikaja kila moja na mnara wake. Sisi hatukuzitaja kwa majina yake. Tulisema, "Mimi niko mnara wa zamani," au, "Mimi niko mnara mpya." Ukitazama tarakimu za mwanzo za namba ya mtu ulijua yuko upande gani, kama unavyomjua mtu wa wilaya ya Nkansi kwa lafudhi yake.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukuandikiana popote lakini kila mtu alilishika. Aliyepiga ndiye aliyelipa, na aliyelipa ndiye aliyependa. Kijana aliyembipu msichana alichekwa mtaa mzima. Mume alimpigia mke. Mke alibipu tu, akangoja. Adolfu na Albina walikuwa na utaratibu wao: saa saba mchana Adolfu akibipu mara moja, kama ishara tu, maana yake anakuja kula, mara mbili, apelekewe chakula karakana. Adolfu alipenda sana utaratibu huo. Nadhani aliupenda kwa sababu kila mchana ulimhakikishia kwamba simu ya mke wake iko wazi, na iko kwa ajili yake.

Maana Adolfu, ndugu zangu, alikuwa na wivu. Haukuwa wivu wa makelele. Mteja wa kiume akileta suruali ipunguzwe kiuno, Adolfu jioni aliishika ile suruali, akaitazama, akauliza, "Huyu kiuno chake ulikipima wewe?" Albina alicheka. "Sasa baba Kalista, kijipime chenyewe?" Naye alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Siku nyingine alimuuliza kwa nini amevaa kitenge kipya kwenda sokoni tu. Albina aliyachukulia kama utani. Mimi pia.

Sasa nije kwa Kalista. Alikuwa na miaka sita, anatimiza saba mwisho wa Desemba, na alikuwa katika darasa langu. Nilimfundisha wiki mbili kabla ya kuelewa. Alikuwa akitazama vinywa. Wenzake wakisimama, naye alisimama, lakini kwa kuchelewa kidogo, baada ya kuwaona. Nikampigia makofi nyuma yake, hakugeuka. Hakuwa na neno hata moja, isipokuwa sauti moja aliyoitoa alipofurahi.

Niliwaambia wazazi wake kwamba mtoto hasikii. Adolfu alisimama.

"Mwalimu, mwanangu si kiziwi. Ni mzito tu. Hata mimi nilichelewa kusema. Njoo Jumamosi karakana nikuonyeshe."

Jumamosi nilikwenda. Kalista alikuwa amekaa peku kwenye sakafu, ametupa kisogo. Adolfu akainua nyundo, akagonga kipande cha reli alichofulia vyuma, na mtoto akageuka, akacheka.

"Umeona?" Adolfu aliniambia kwa fahari.

Nilitaka kumwambia kwamba mtoto amesikia kwa miguu, kwamba sakafu ndiyo iliyotikisika. Sikusema. Tangu siku ile akapiga marufuku neno "kiziwi" nyumbani kwake.

Lakini Albina hakukataa. Alinijia chumbani, akafunga mlango, akasema, "Mwalimu, mimi ni mama yake. Nimejua tangu ana mwaka mmoja. Niambie la kufanya."

Nilikuwa na karatasi kutoka chuoni. Ilikuwa ya shule ya bweni ya watoto viziwi, mbali, upande wa Mbeya, iliyosaidiwa na wafadhili. Wanafundishwa lugha ya alama, kusoma, kuandika, na baadaye ushonaji na useremala. Walipokea watoto wasiozidi miaka sita. Mtoto akishatimiza saba kabla ya uandikishaji wa mwaka, hapokelewi tena. Kwa Kalista ilikuwa mwaka huu au basi. Chini ya karatasi iliandikwa namba ya simu inayoanza na 0800, na maneno haya: "Mzazi, piga bure."

Tulijaribu kupiga kwa simu ya Albina, aliyekuwa mnara wa zamani kama mumewe. Mwanamke wa kwenye mtambo akatuambia namba tuliyopiga haipo. Tukajaribu tena, ikawa vilevile. Albina akaenda posta, wakamwambia si namba yao. Mwisho akaenda mwenyewe kwenye duka la mnara mpya, na msichana wa pale akaitazama tu tarakimu mbili zinazofuata 0800, akasema, "Hii ni yetu, mama. Namba za bure kila kampuni ina zake, na hii inaingia kwa laini yetu tu."

Kwa hiyo Albina alinunua laini ya pili. Aliificha kwenye kikopo cha vifungo. Adolfu akishaondoka, alitoa laini ya kawaida, akaweka ile nyingine, akazungumza na shule, kisha akazirudisha kila moja mahali pake. Ile karatasi ilibaki kwake. Mimi sikuwa na simu wala sikuikariri namba.

Walimuuliza mengi: mtoto alizaliwaje, aliugua homa gani, anashikaje kijiko. Mwishoni mwa Novemba wakamwambia: nafasi zimebaki nane, jina la Kalista limo katika orodha ya mwisho. Wangepiga simu kati ya Jumatatu na Jumatano kuthibitisha. Asipopatikana hadi Jumatano saa kumi jioni, nafasi ingekwenda kwa mtoto anayefuata.

"Nikishaipata nafasi ndipo nitamwambia," Albina alinieleza. "Akiwa ameshikilia barua ya kuitwa shule, hataweza kusema mwanangu hana tatizo. Sasa hivi nikimwambia ataichana karatasi. Niahidi hutasema, mwalimu."

Nikaahidi.

Jumatatu ile asubuhi Albina aliweka laini ya mnara mpya, akapiga shuleni kuhakikisha kwamba wana namba yake sahihi, kisha akaiacha simu wazi juu ya meza ya cherehani. Saa saba Adolfu akabipu kutoka karakana, na mtambo ukamwambia mkewe hapatikani. Akajaribu mara ya pili, ya tatu, ya sita. Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo, betri imekwisha. Adolfu alivua miwani ya kuchomelea na kuja nyumbani kwa miguu, karibu anakimbia.

Albina alikuwa uani anamwogesha mtoto. Simu ilikuwa mezani. Adolfu akaifungua. Haikuwa na jina hata moja. Kulikuwa na namba moja tu, asiyoijua, imepigwa asubuhi ile saa nne, na mazungumzo yalikuwa ya dakika kumi na nne. Akaangalia salio. Hapakuwa na salio. Lilikuwa sifuri.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shuleni. Nilikuwa mlangoni kwangu na sufuria mkononi nilipomsikia.

"Albina!" Hakumwita mama Kalista. "Dakika kumi na nne! Umezungumza dakika kumi na nne bila senti. Nani anayekulipia?"

Albina akaja, mikono ina povu la sabuni. Alipoiona simu mkononi mwa mumewe alinyamaza, na hapo ndipo alipokosea, kama ni kosa. Adolfu aliuona ule ukimya akauhesabu kuwa ushahidi.

"Laini ya mnara mpya! Mimi mumeo niko mnara wa zamani, wewe umehamia kwake!"

"Baba Kalista, ni shule. Shule ya mtoto. Wanapokea watoto wasio..." Akakwama kwenye lile neno lililokatazwa. "Watoto kama wetu. Simu yao hulipi."

"Shule?" Adolfu akacheka kicheko kibaya. "Shule gani inayolipa ili ipigiwe? Mimi nimechangia dawati, nimechangia chaki, nimechangia mpaka kengele! Shule zinadai, Albina. Hazilipi. Anayelipa ni mwanamume."

Ndugu zangu, kwa mtu wa mji wetu, wakati ule, maneno hayo yalikuwa na akili. Kila kitu kilikuwa cha kuchangia. Ukweli ndio uliokuwa na sura ya uongo.

"Wapigie basi uwasikie," Albina alisema. "Piga sasa hivi."

Angepiga, habari hii nisingeiandika. Lakini mwenye wivu huogopa jambo moja kuliko kusalitiwa, nalo ni kuonekana mjinga na yule anayemsaliti. "Nimpigie anicheke?" alisema. Pasi ya mkaa ya Albina ilikuwa juu ya meza, moto. Adolfu akaitoa ile laini kwenye simu, akafungua mfuniko wa pasi, akaitupa kwenye makaa. Ikajikunja mara moja. Nilisikia harufu yake mpaka mlangoni kwangu.

Albina hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, "Adolfu, umemchoma mwanao." Lakini Adolfu hakumwelewa.

Asubuhi ya Jumanne Adolfu alimpandisha Albina na mtoto kwenye gari la Muze, waende kwa wazazi wa Albina, chini kabisa kwenye bonde la Rukwa, ambako wakati ule hapakuwa na mnara wowote. Simu ya Albina aliizuia. Karatasi ilikuwa chini ya vifungo kwenye kile kikopo, na Adolfu, alipokuta humo laini ya kawaida, alikuwa amekifungia kabatini kama kidhibiti cha polisi bila kukipekua zaidi. Nilisimama mlangoni nikamtazama Albina akipita na furushi la nguo. Alinitazama usoni. Hakuniomba kitu, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kunyamaza, na aliiheshimu ahadi yangu kuliko nilivyostahili.

Na hapo ndipo Adolfu alipoanza kumtafuta mwenye namba.

Alianza kwa kuipiga kwa simu yake. Namba uliyopiga haipo. Akaipiga tena na tena mchana kutwa, na kila jibu lilimchoma upya. Karakana alikuwa na mwenzake, Victor, kijana wa mjini, mwepesi wa maneno.

"Lete nione," Victor alisema. "Aisee! Sifuri nane sifuri sifuri. Hii si namba ya mtu mdogo, mshikaji wangu."

"Mbona kwangu inasema haipo?"

"Imefungwa. Inamfungukia yeye tu. Watu wana hela siku hizi, kaka, mtu ananunua namba nzima kwa ajili ya demu mmoja."

Victor alikuwa anatania. Nasema hivi kwa sababu baadaye alilia mbele yangu akisema alikuwa anatania. Lakini Adolfu hakuwa na nafasi ya utani kichwani. Kama namba inampokea Albina na inamkataa yeye, basi imewekwa hivyo makusudi. Akamwona huyo mwanamume kabisa: mnene, ana saa ya dhahabu, anaketi kwenye kiti kinachozunguka, anamwambia mke wake, "Ongea tu mama, usijali, ni juu yangu." Alimpa hata harufu.

Akaenda kwenye duka la mnara wa zamani. Kijana wa pale alimweleza vizuri: si yetu hiyo, namba zinazoanza hivyo ni za bure, anayepiga halipi, anayepigiwa ndiye anayelipa.

"Anayepigiwa ndiye analipa?" Adolfu aliuliza.

"Ndiyo, baba. Ndiyo maana ya bure."

Alikuwa ameambiwa ukweli mtupu, na aliupokea kama sumu. Akaenda posta. Mzee wa simu pale alivaa miwani, akaisoma, akatikisa kichwa. "Zetu baada ya sifuri nane haziendi hivi. Jaribu hawa wapya."

Jumatano saa nane mchana aliingia kwenye duka la mnara mpya. Hellena, msichana wa pale, tunaimba naye kwaya, na ndiye aliyenisimulia. Adolfu aliweka namba mezani.

"Hii ni ya kampuni yenu?"

"Ndiyo, baba, ni yetu."

"Ni ya nani?"

"Haturuhusiwi kutaja mwenye namba."

"Kwa hiyo mnamficha."

"Hatumfichi, baba. Nunua laini yetu, ipige, atajibu mwenyewe. Ni bure kabisa."

Saa ilikuwa nane. Orodha ya shule ilikuwa inafungwa saa kumi. Laini zilikuwa pale mezani, zimepangwa kwenye boksi. Adolfu alizitazama, akasema, "Nihamie mnara wake? Nitoe hela yangu nikanunue mlango wa kuingia kwa mwanamume mwenzangu? Thubutu." Akatoka.

Nilikutana naye getini anarudi. Nilikuwa na mashaka tangu asubuhi. Nilikuwa nimeshindwa kufundisha. Nikasema, "Shikamoo, baba Kalista. Samahani. Ile namba..."

Akageuka haraka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ile namba nini? Na wewe unaijua?"

Ndugu zangu, nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini alikuwa amesogea karibu, na nilimwogopa. Nikaogopa pia aibu ya kujulikana kwamba mimi ndiye niliyeleta karatasi.

"Hapana," nilisema. "Siijui."

Akapita. Niliingia chumbani, nikakaa kitandani mpaka kengele ya kanisa ikalia, na nilijua kwamba saa kumi imepita.

Alhamisi asubuhi Adolfu alishindwa na wivu wake mwenyewe. Alikuwa hajala, na alitaka japo kuisikia sauti ya yule mtu. Akarudi kwa Hellena, akanunua laini bila kumtazama usoni, akaiweka palepale, akapiga. Simu ikaita mara moja. Ikapokelewa na sauti ya mwanamume, laini, yenye adabu.

"Karibu. Asante kwa kupiga. Tafadhali usikate simu."

"Karibu wapi?" Adolfu alipiga kelele, watu wote dukani wakageuka. "Unamkaribisha nani? Huyu ni mumewe! Sema jina lako!"

"Tafadhali usikate simu," ile sauti ikarudia kwa upole uleule.

"Sikati! Kata wewe kama ni mwanamume!"

"Baba," Hellena alimgusa mkono, "huyo ni mtambo. Ni sauti imerekodiwa. Hakusikii."

Mara akaingia mwanamke. "Habari za asubuhi, ofisi ya shule hapa, naitwa Silvana. Nani mwenzangu, na unapiga kutoka wapi?"

Adolfu aliitoa simu sikioni, akaitazama ile namba. Kisha akasema, "Sumbawanga."

"Sumbawanga! Wewe ndiye baba yake Kalista?" Sauti ilikuwa na haraka na furaha kidogo. "Jamani, tumempigia mama yake tangu Jumatatu alasiri. Tumempigia mara kumi na moja. Hata jana nilikaa na simu mkononi mpaka saa kumi na nusu, nikasema labda mvua, labda umeme. Kuna nini? Mtoto mzima?"

"Mzima," Adolfu alisema.

"Afadhali. Pole baba, lakini nafasi yake tumeshaitoa. Mzazi wa mtoto aliyefuata amesafiri tayari, siwezi kumrudisha."

"Mwakani."

"Mwakani atakuwa ameshatimiza saba. Sheria haituruhusu." Silvana akaongeza: "Mama yake alikuwa anasubiri sana simu hii. Kila akipiga alikuwa anauliza kama watoto wanafundishwa jinsi ya kusema 'baba' kwa mikono."

Hellena anasema Adolfu aliirudisha simu mezani taratibu bila kuikata, na ile sauti ikabaki inaita, "Halo? Baba Kalista? Halo?"

Ijumaa tulishuka Muze, yeye na mimi. Nilimwomba nifuatane naye, na njiani, gari likiteleza kwenye kona za mlima kwa mvua za kwanza, nilimwambia yote, pamoja na ile "hapana" yangu ya getini. Hakunigombeza. Alisema tu, "Hata ungeniambia nisingekuamini, mwalimu." Labda. Lakini hilo hatutalijua kamwe, na mimi ndiye niliyelifanya lisijulikane.

Albina alikuwa uani kwa baba yake anapepeta mchele. Kalista alikuwa pembeni yake anaokota chenga. Adolfu alisimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Mama Kalista, nimeijua namba."

"Ni ya nani?"

"Ya shule."

"Nilikuambia Jumatatu."

"Uliniambia."

Albina akaweka ungo chini. "Leo Ijumaa. Wamesemaje?"

Adolfu akanitazama. Nikasema mimi: "Nafasi imekwenda, dada. Na mimi juzi niliulizwa nikasema siijui."

Alinitazama, kisha akamtazama mumewe. Nilidhani atalia au atatufukuza. Adolfu alipiga magoti kwenye ule udongo, mbele ya wakwe zake, mtu mzima. "Nisamehe, mama Kalista."

"Mimi?" Albina alisema. "Mimi umenichomea laini tu." Akamshika mtoto mabega, akamsogeza mbele yake. "Mwombe huyu. Mwambie umemfanyia nini. Haya, mwambie."

Kalista alimwona baba yake amepiga magoti, akafikiri ni mchezo, akatoa ile sauti yake ya furaha. Adolfu akafungua kinywa. Akainua mikono yake ile mikubwa ya kufulia chuma, ikabaki hewani. Hakuwa na njia ya kumwambia. Akaishusha.

Albina alirudi Kizwite baada ya Krismasi. Wanaishi pamoja. Nimejifunza alama chache kutoka kwenye kitabu nilichoagiza, na watatu hao huja chumbani kwangu Jumamosi kujifunza nami, lakini mimi si mwalimu wa viziwi, na najua ninachowapa ni kidogo. Kalista anaandika jina lake bila kosa, herufi zote saba. Bado sina hakika kama anajua kwamba jina hilo ni yeye.

FUNZO

Wivu haukosi akili. Huo ndio ubaya wake. Adolfu alihoji kila duka, akajua namba ni ya kampuni gani, akajua nani analipa, na kila alichoambiwa kilikuwa kweli. Alichokosa ni kumwamini mtu mmoja aliyemjibu tangu siku ya kwanza, bure, ndani ya nyumba yake. Enyi waume, na enyi wake pia, ukikuta usichokijua kwenye simu ya mwenzako, muulize, kisha fanya lile gumu zaidi: sikiliza jibu mpaka mwisho kabla hujachoma kitu.

Wazazi wenye mtoto asiyesikia, msimfiche na msilifiche neno lenyewe. Albina alilazimika kuwa na siri kwa sababu ukweli ulikuwa umekatazwa nyumbani. Nyumba inayokataza ukweli itaona siri kila kona, na haitajua ipi ni ya aibu na ipi ni ya upendo.

Nanyi wapole wenzangu, mnaoona haya kuingilia mambo ya watu, nawaambia hivi nikiwa na uchungu. Ahadi ya kunyamaza ni nzuri mpaka pale mtoto anapoanza kuilipia. Pale ivunje. Kuwa na aibu si dhambi, lakini mimi niliulizwa nikasema siijui, na saa kumi haikuningoja nipate ujasiri.